Ibtisam Haendi Popote

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Abdulhakim, huna adabu! Mimba yako niliibeba mimi. Vitani nilikuvusha mimi, nimekushika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Herufi nilijifunza kambi ya wakimbizi Mombasa nikiwa mtu mzima, nafundishwa na kitoto cha miaka kumi na miwili. Leo unampeleka binti yako chuo cha makanisa na mimi sina habari! Ungekuwa hapa ungekula ufagio.

Naandika kwa sababu simu nimeitupa kwenye pipa la unga. Bado inalia mle ndani. Ni yeye. Na ilie.

Mambo yenyewe ni haya. Mjukuu wangu Ibtisam ana miaka ishirini. Skuli amemalizia Mombasa kwa baba yake. Mwaka jana nilianguka uani nikavunjika mkono, wakamleta huku Kismayo anitazame. Sikumwita. Mkono ulipona zamani. Ibtisam hakurudi. Sikumkumbusha.

Leo asubuhi akanisomea barua. Chuo kikuu cha Wakristo, bara Kenya, mlimani kwenye baridi. Wamemkubali. Shahada ya uuguzi, miaka minne, ada wafadhili watalipa. Ajibu ndiyo au la kabla ya Ijumaa ya tarehe kumi na tano. Nikamuuliza nani aliyeomba. Akasema baba yake. Nikamuuliza na yeye mwenyewe anataka? Akatazama kucha zake.

Miaka minne! Kujifunza kumfunga mtu kitambaa! Mimi mkunga nimepokea watoto mia tatu na kumi na mmoja, kisiwani kwetu Chovai, kambini, na mtaa huu. Wote nimewaandika mwishoni mwa daftari hili. Hakuna aliyetoka tumboni akaniuliza shahada iko wapi. Nikamwambia anisomee masomo. Mwaka wa kwanza viungo vya mwili. Mwaka wa pili dawa. Ukunga, mwaka wa tatu. Wa tatu! Na hao wajawazito wakae miaka miwili wakingoja?

Nikamwambia soma na sheria, nione uchafu wao. Akasoma. Nguo fupi marufuku. Ulevi marufuku. Mwanamume kukanyaga bweni la wasichana marufuku. Saa nne usiku taa zizimwe. Hizi ni sheria zangu! Wamezipata wapi?

Mwisho nikapata nilichokitaka. Mara moja kwa wiki ibada, wanafunzi wote wakae. Haya! Hapo! Na chini yake: mwanafunzi alete barua ya kiongozi wa dini anayemjua, wa dini yoyote.

Kiongozi wa dini anayemjua Ibtisam ni mmoja tu, Mwalimu Zubeiri, imamu wetu. Nilimpokea mimi mwenyewe, alikuja na miguu mbele. Mchu, mtu kama wasemavyo Mombasa, aliyekuja duniani kwa miguu na mikono yangu ikamnyoosha hawezi kunikatalia.

Barua haitaandikwa. Ibtisam haendi popote. Kazi imekwisha siku moja. Naenda kutoa simu kwenye unga.

Jumapili, 3 Agosti

Kazi haikuisha.

Nilikwenda kwa Mwalimu Zubeiri na sahani ya kaimati, nimejifunga buibui la Idi. Nikaketi. Nikamkumbusha ile miguu. Nikamwambia ataletewa karatasi na msichana fulani, asiiguse, aseme kalamu imekauka.

Akafuta ndevu. Akasema hiyo barua ameshaiandika tangu juzi, kurasa mbili. Ibtisam alikuja mwenyewe, hakuleta hata kaimati moja.

Nikamuuliza haya ni mambo gani, imamu mzima, kumtia mtoto wa Kiislamu kwenye ibada ya watu. Akasema atakaa kama mgeni anavyokaa barazani kwa watu, kwa adabu na moyo wake kwake. Tena akanieleza jambo. Mkewe Safiyya yuko mwezi wa nane. Mimba iliyopita alikwenda hospitali, waliomtazama wote wanaume. Yeye Mwalimu akasimama nje ya pazia, na mke wake hakusema maumivu yake yalipo kwa haya. Mtoto wakampoteza. Mwalimu anauliza: kama binti zetu hawaendi kusoma, nani atasimama ndani ya pazia lile?

Nikasema mimi! Akasema, "Bi Barke, wewe una miaka sabini na mbili."

Sabini na moja! Nimetoka. Kaimati nimeziacha kwa Safiyya. Sahani nimerudi kuichukua, maana ni ile ya maua.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefikiri tangu Alfajiri. Chuo hakimzuii mtu. Sheikh hamzuii mtu. Kinachomzuia msichana ni mume.

Na mume yupo, tatizo ni nyumba aliyomo. Nyumba ya pili kutoka kwetu anakaa Bimkubwa. Mkunga kama mimi, au ndivyo anavyojiita. Watu wake wa Darakasi, wangu wa Chovai. Tumenuniana tangu aliposema mbele za watu kwamba mimi huvuta kitovu kama mtu anayeng'oa muhogo. Miaka sita sijatia mguu kwake. Lakini ana mjukuu, Mzamil, fundi wa mashine za boti, kijana mtulivu, mikono yake ina grisi lakini mdomo wake hauna. Akimposa Ibtisam, Ibtisam atakaa nyumba ya pili kutoka kwangu. Nikikohoa atasikia.

Basi nimemeza kiburi. Nimekwenda.

Bimkubwa aliponiona akaangusha ungo. Akauliza nani kafa. Nikasema hajafa mchu. Tukakaa jamvini. Nduguye, Mzee Fumo, akaleta kahawa mwenyewe. Alikuwa mpishi wa meli, mjane, mwaka wa tisa huu. Mwanamume kuleta kahawa! Ina tangawizi ya kuua. Akasimama ananitazama kama aliyepoteza miwani, nikamwambia asante, akaenda zake uani.

Sasa, kwetu jina la msichana halitembezwi kama samaki. Husemi "nina binti, nani anamtaka?" Unazunguka mbali. Nikasema nyumba yangu haina mwanamume, na nyumba isiyo na mwanamume mlango wake haufungi vizuri. Nikasema ndani ya nyumba hiyo yumo mwanamke anayejua kupika, kukanda na kuheshimu watu. Nikasema itapendeza mambo yawe kabla ya tarehe kumi na tano.

Bimkubwa akanitazama. Akasema kwake pia yuko mwanamume ambaye vifungo vya shati lake havina mtu wa kuvishona. Macho yangu yakaenda uani, Mzamil anafungua mashine, shati halina kifungo hata kimoja. Nikasema nimeona.

Bimkubwa akacheka. Sikulipenda cheko lile. Alitaka kuendelea kueleza, nikanyanyuka. Kumsikiliza sana ni kuonyesha njaa.

Jumatano, 6 Agosti

Sinia limekuja!

Limeletwa asubuhi, limefunikwa kitambaa cheupe, kama inavyotakiwa. Wasiojua watauliza sinia ni nini. Ni posa. Sinia likitoka nyumba ya mwanamume, hakuna anayesema neno wala kutaja jina, maana wanawake wameshazungumza. Linakaa siku tatu. Likirudi tupu, ni hapana. Likirudi limejaa, ni ndiyo. Kuuliza "la nani?" ni aibu ambayo wajukuu wako watachekwa kwayo.

Ndani: halwa, udi, majani ya chai, kanga, na kichupa cha dawa ya magoti.

Dawa ya magoti! Mwerevu huyu Mzamil. Anamlainisha bibi kwanza. Kanga ni ya rangi ya kiza, ya kizee, lakini Bimkubwa hana macho tangu zamani.

Ibtisam akauliza sinia ni la nini. Nikasema majirani wema. Akanitazama. Nikamwambia akapepete mchele.

Halwa ni tamu. Sisemi zaidi.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku mbaya iliyokwisha vizuri.

Asubuhi Mwalimu Zubeiri akaniita, Safiyya kichwa kinamuuma. Nikafika, Bimkubwa naye kafika, Mwalimu ameita wakunga wawili kwa hofu. Safiyya miguu imevimba kama mikate ya mofa. Nikasema miguu ya mwezi wa nane huvimba, atiwe kwenye maji ya chumvi. Bimkubwa akasema hivyo hivyo. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini tumekubaliana jambo.

Ibtisam alikuwa amenibebea mkoba. Akaketi chini, akabonyeza mguu wa Safiyya kwa kidole. Shimo likabaki. Akamuuliza kwa sauti ndogo kama anaona nyota mbele ya macho. Safiyya akasema ndiyo, tangu jana, aliona haya kusema. Ibtisam akatoka mbio. Akarudi na mashine ya presha ameiazima duka la dawa, akamfunga mkononi, ikavuma. Akasoma. Uso wake ukabadilika.

Akasema, "Bibi, hospitali. Sasa hivi."

Nikasema maji ya chumvi kwanza. Akasema, "Bibi, nisamehe," akanipita. Hakupiga kelele. Akamwambia Mwalimu lete gari, akamwambia Bimkubwa shika kichwa, akaniambia mimi shika miguu. Na nimeshika! Nikiwa ndani ya gari ndiyo nikakumbuka kwamba mimi ndiye mkubwa.

Hospitali wakampasua saa hiyo hiyo. Ibtisam alisimama ndani ya pazia, ameshika mkono wa Safiyya mpaka dawa ilipomlaza. Mtoto wa kike, mdogo kama bata, lakini ana sauti. Wamemwita Shamsa. Daktari akasema wangechelewa mpaka Adhuhuri, wangezika wawili.

Mimi nilikuwa karibu kusema hivyo hivyo.

Nimemwandika. Mia tatu na kumi na mbili. Nilishika miguu.

Nje, tulipokuwa tunangoja, Ibtisam alikaa benchi. Nikampa maji. Nikamuuliza mambo ya ile presha aliyajua wapi. Akasema amekuwa akisoma kwenye simu ninapolala, akasoma na vitabu vya wanafunzi wa uuguzi. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu alipokuwa na miaka kumi na nne.



Nilirudi nyumbani nikalitazama sinia. Nikafikiri labda nilirudishe tupu. Nilifikiri kweli.

Ijumaa, 8 Agosti

Sinia limerudi. Limejaa.

Si kosa langu! Baada ya sala Bimkubwa alisimama mlangoni kwake na wanawake wawili, akasema kwa sauti ya kufika bandarini kwamba siku ya tatu hii, labda watu wa Chovai hawana cha kuweka kwenye sinia, maskini.

Hatuna! Sisi!

Nikaweka mkate wa sinia wenye hiliki. Nikaweka mahamri arubaini. Nikaweka papa mkavu, uvumba, chupa ya mafuta ya simsim niliyokamua mwenyewe, na vile vikombe sita vya dhahabu ambavyo hata Abdulhakim sijamnywesha. Sinia likabebwa na watu wawili. Nikasimama mlangoni mpaka nikaona uso wa Bimkubwa. Ulikuwa mdogo kama ndimu.

Ndiyo imesemwa. Ibtisam haendi popote. Nikalala mchana usingizi wa sultani.

Jumamosi, 9 Agosti

Yarabi, nimejifanya nini!

Saa tatu asubuhi vigelegele mlangoni. Wanawake kumi na kitu, mbele Bimkubwa, amevaa nguo ya harusi ya watu wengine. Ibtisam akafungua. Nilikuwa nimejiweka kitini, nimekunja uso vizuri, tayari kupokea heshima za bibi wa bi harusi.

Bimkubwa akampita Ibtisam kama mlango. Akaja moja kwa moja, akanikumbatia shingo, akapiga ukelele: "Wifi yangu!"

Wifi. Mimi.

Mjukuu wake akimwoa mjukuu wangu, mimi si wifi yake. Hata ukihesabu kwa vidole vya miguu. Wifi ni mke wa ndugu. Bimkubwa ana ndugu mmoja tu duniani.

Kwa mlango nikamwona Mzee Fumo amesimama barabarani na kanzu iliyopigwa pasi, ameshika birika la kahawa.

Ile dawa ya magoti! Ile kanga ya kizee! Bimkubwa ananinong'oneza kwamba alishangaa niliposema mambo yawe haraka, kwa umri wangu, lakini moyo hauna umri. Anasema aliyeniona nikikodoa macho uani kwake alijua. Nilikuwa namkodolea Mzamil! Lakini nimwambie? Niseme mbele ya wanawake kumi na kitu kwamba nimerudisha sinia na mahamri arubaini bila kujua la nani? Watanicheka mpaka siku ya kuzikwa, na siku hiyo pia. Nikasema ahsanteni. Nikasema karibuni chai.

Walipoondoka, Ibtisam akapiga magoti mbele yangu. Analia. Nikadhani ananicheka, nikatafuta kandambili.

Hakuwa anacheka. Akasema mara mbili ameandika kuwajibu chuo kwamba hataki, na mara mbili amefuta. Kwa sababu yangu. Nani atanichemshia maji ya kutawadhia, nani atanikata kucha za miguu, nani atanisomea dawa. Baba yake alimwambia aamue mwenyewe. Akaamua kubaki. Juzi hospitali akaamua tena, kubaki. Alikuwa amenyamaza tu asinihuzunishe. Sasa akiona nina mtu wa kukaa naye...

Akanishika mkono, huu uliovunjika. Akasema, "Bibi, niambie kweli. Unamtaka Mzee Fumo? Ukisema si kweli, siendi."

Basi hapo mambo yote yalikuwa mkononi mwangu. Wiki nzima nimehangaika, nimekwenda kwa sheikh, nimekwenda kwa adui, nimetoa vikombe vya dhahabu. Sasa neno moja tu. Niseme "si kweli," ambalo lenyewe ni la haki kabisa, wala si uongo! Na Ibtisam angebaki. Ningekuwa naye mpaka ninakufa.

Nikamtazama vidole. Kile kilichobonyeza mguu wa Safiyya.

Nikasema ni kweli. Nikasema tangu ujana nilikuwa namwona mwanamume yule ana miguu mizuri. Mungu anisamehe, sijawahi kuiona miguu yake. Nikasema hata magoti yamepona.

Akacheka, akalia, akachukua simu. Nikamwona anabonyeza. Mara moja tu, kama mtu anayeua mbu. Amekubali chuo.

Nimekwenda uani kupepeta mchele uliokwisha kupepetwa.

Jumapili, 31 Agosti

Kaenda.

Uwanja wa ndege nilimpa maagizo. Nyama asiyojua imechinjwa na nani asile, ale mayai. Ibada yao akae kwa adabu, asinong'one, asicheke, tusije tukaambiwa watoto wa Kismayo hawana malezi. Baridi avae soksi mbili. Ukunga asingoje mwaka wa tatu, awaambie tayari ameanza. Akasema ndiyo Bibi, ndiyo Bibi. Mwalimu Zubeiri akamwombea dua. Safiyya akamletea mtoto ambusu.

Mzee Fumo alikuja kubeba begi. Ibtisam akamwambia, "Babu, mtunze." Babu! Nikatazama ukuta.

Nilipofika nyumbani nikaita, "Ibtisam, ufagio uko wapi?"

Vumbi la mji huu linaingia machoni.

Alhamisi, 4 Septemba

Leo nimekwenda kuvunja posa. Binti yuko salama chuoni, sina haja tena ya mchumba.

Nilichagua saa ambayo Bimkubwa yuko sokoni. Nilijitayarishia maneno. Nikamwambia Mzee Fumo kwamba kulitokea kosa kwenye sinia.

Akasema anajua.

Anajua! Akasema mpishi wa meli humjua mtu kwa anachokitazama. Aliyekuja kwa ajili ya samaki hatazami kitunguu. Siku ile alinikuta namtazama Mzamil kama anayekagua mbuzi, akajua nimekuja kwa ajili ya binti. Nikamuuliza kwa nini basi akaacha sinia litoke. Akasema dada yake akishaamua jambo hasikii. Tena akasema, miaka tisa anakula peke yake, akaona hata kosa ni mgeni.

Nikawa sina la kumvunjia. Nikamwambia kahawa yake ina tangawizi nyingi. Akasema atapunguza.

Posa imevunjwa, hilo lieleweke. Anakuja tu Jumatatu kunywa kahawa. Na Alhamisi. Vikombe vyangu vya dhahabu amevirudisha kimyakimya, dada yake hajui. Bimkubwa naye ananiita wifi mpaka leo, namwacha, anachekwa yeye.

Ijumaa, 12 Septemba

Ibtisam kapiga simu. Nusu saa nzima!

Anasema baridi yatoboa. Anavaa soksi tatu. Anakaa na msichana Mkristo wa bara, mpole, huamka saa kumi alfajiri kusali sala zake, na akimaliza humgusa wangu bega ili asikose Alfajiri. Nikasema huyo msichana ana mama mzuri, mpe salamu. Siku ya ibada Ibtisam hukaa nyuma. Wakiwaombea wagonjwa, naye huwaombea kimoyomoyo. Nikatafuta kosa hapo. Sijalipata. Mgonjwa ni mgonjwa.

Nikamuuliza wamefundishwa nini wiki hizi. Akasema kunawa mikono.

Wiki nzima! Kunawa mikono! Shahada!

Tena akaniambia jambo. Mwalimu wao, mama mmoja mkubwa, aliuliza darasani nani ameshawahi kuona mtoto akizaliwa. Wanafunzi themanini, mkono ukanyanyuka mmoja. Wangu. Akawaeleza bibi yake anavyomgeuza mtoto aliyekaa vibaya, kwa mafuta ya simsim na viganja, pole pole, kutoka kulia. Mwalimu akasema siku moja angependa sana kumwona bibi huyo.

Ibtisam akaipita habari hiyo, akaanza kunisimulia chakula. Mimi sikusikia chakula. Nilibaki pale pale, kwenye "angependa sana."

Mwaliko ni mwaliko! Na mtu mkubwa wa chuo haaliki mara mbili. Nimelipima jambo tangu Adhuhuri, na naona wazi. Shida ya chuo kile si dini yao, wala si baridi. Hawana anayejua kugeuza mtoto. Wananawa mikono kwa sababu hawajui cha kufanya nayo! Watanihitaji. Mwaka mmoja tu, au miwili. Au minne.

Safari hii sitazunguka wala sitapeleka sinia. Safari hii nimejipanga. Ujumbe ninaomtumia Abdulhakim kwa simu ni huu:

Abdulhakim, ukipata ujumbe huu keti chini uandike. Waandikie chuo kwamba Bi Barke wa Chovai amekubali kuja kufundisha. Ataanza na mwaka wa tatu, hao wa kwanza waendelee kunawa. Anataka chumba kisicho na ngazi, karibu na bweni la wasichana, na jiko lake mwenyewe. Mzee Fumo anasema atakuja kubeba mizigo. Mwambie hapana, kisha mkatie tiketi. Ibtisam usimwambie kitu. Peleka barua leo, kabla ofisi zao hazijafungwa, na ujumbe huu usiusome ukiwa umelala!